Kwenda Jerez de la Frontera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jerez de la Frontera ni mji wa watu zaidi ya laki mbili katika mkoa wa Cádiz, Andalusia, kusini kabisa mwa Hispania. Ndugu na marafiki wanaonijia huku, na wengine wanaopiga simu kabla ya kukata tiketi, huuliza mambo yale yale, ndiyo maana nimeyakusanya mahali pamoja. Wengi huufanya mji huu kituo cha nusu siku kati ya Sevilla na Cádiz: wanashuka kwenye treni, wanaonja mvinyo, wanapanda treni inayofuata. Nawaomba wasifanye hivyo. Jerez ni mji wa kukaa.

Jina hili linatamkwaje, na huo mpaka ni mpaka gani?

J ya Kihispania itamke kama kh ya "kheri", na uzito uwe mwishoni: Kherés. Wenyeji wenyewe huimeza ile s ya mwisho, utasikia "Kheré" tu.

Wafoinike waliuita Xera, Warumi wakauita Ceret, na Waarabu, waliouingia baada ya mwaka 711, wakauita Sharish. Ni hilo jina la Kiarabu ambalo wafanyabiashara wa Kiingereza waliofuata mvinyo walilibadili likawa "sherry", na hadi leo chupa zimeandikwa majina matatu kwa pamoja: Jerez, Xérès, Sherry. Mpaka unaotajwa ni ule uliokuwa kati ya ufalme wa Kikristo wa Castilla na Waislamu wa Granada. Mfalme Alfonso X aliutwaa mji mwaka 1264, na kuanzia hapo Jerez ukabaki mji wa mstari wa mbele kwa zaidi ya miaka mia mbili, mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492. Ndiyo maana ukitazama ramani utakuta Arcos de la Frontera, Vejer de la Frontera na mingine: yote ilikuwa miji ya mpakani.

Kuna jambo dogo ninalopenda kuwaambia wageni wa kutoka pwani yetu. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja baadaye huku Andalusia, karibu mwaka 1350. Alipita Gibraltar, Ronda, Málaga na Granada. Sharish hakufika. Ulikuwa umeshakuwa upande wa pili wa mpaka kwa zaidi ya miaka themanini.

Mimi situmii kileo. Kuna haja ya kwenda kwenye mji wa mvinyo?

Ndiyo, na nasema hivi bila kusitasita. Shangazi yangu wa Tanga, ambaye hajawahi kuonja kileo maishani, alikuja kwa siku mbili akakaa sita.

Anza na Alcázar, ngome iliyojengwa katika karne ya 12 na Waalmohadi, watawala Waislamu kutoka Afrika Kaskazini. Ndani yake umo msikiti, mdogo, wa pembe nane juu na kuba la matofali, wenye kibla chake na mahali pa kutawadhia uani. Ndio msikiti pekee wa zama zile uliobaki umesimama mjini. Baada ya mwaka 1264 ulifanywa kanisa, na huenda hilo ndilo lililouokoa usibomolewe. Matofali yameachwa wazi, hakuna pambo. Shangazi aliingia, akanyamaza, akaegemeza kiganja ukutani akakaa hivyo kwa muda. Nilitoka nje nikamwacha. Hatua chache kutoka hapo kuna hamamu yenye vyumba vitatu, cha maji baridi, cha vuguvugu na cha moto, na darini mna matundu yenye umbo la nyota yanayopitisha mwanga. Nenda asubuhi, jua likiwa bado chini, uone mwanga huo unavyotembea ukutani.

Halafu kuna maneno. Alcázar ni "kasri" letu. Azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani. Alcalde, yaani meya, ametokana na kadhi. Na mtu akitamani jambo litokee husema "ojalá", neno lenye Allah ndani yake ambalo Wahispania wamelitumia karne na karne. Mswahili hatembei mji huu kama mgeni kabisa.

Sharish pia ilitoa wanazuoni. Aliyejulikana zaidi ni al-Sharishi, aliyefariki mwaka 1222, ambaye ufafanuzi wake wa Maqamat za al-Hariri, visa mashuhuri vya kale vya Kiarabu, ulisomwa na unasomwa bado katika ulimwengu wa Kiarabu. Jina lake, ukilitafsiri, ni "mtu wa Jerez".

Ukiingia kwenye bodega, yaani ghala la mvinyo, hakuna anayekulazimisha kuonja. Mwambie tu anayewaongoza mapema: "No bebo alcohol." Lakini shika tahadhari hii moja. Sehemu nyingine za Hispania, ukiagiza "mosto" baa utaletewa juisi ya zabibu isiyo na kileo. Jerez sivyo. Huku mosto ni mvinyo mchanga wa mwaka ule ule, na kileo kimo. Ukitaka kinywaji salama omba "zumo" au maji.

Bodega ni nini hasa, na ndani kuna nini cha kuona?

Bodega ni ghala la kulelea mvinyo. Nimesema kulelea kwa makusudi, kwa sababu hata wao husema "crianza", malezi. Ukiingia kutoka kwenye jua kali utahisi kwanza ubaridi, kisha harufu: mbao zilizolowa, tufaha lililoiva kupita kiasi, lozi, ukuta wenye unyevu. Dari liko juu mno, nguzo zimepangwa kama za kanisa kuu, na wenyewe huziita hivyo, makanisa ya mvinyo. Sakafu ni mchanga wa manjano, unaonyunyiziwa maji wakati wa joto. Madirisha yako juu, yamefunikwa mikeka ya nyasi ili hewa ipite na jua lisipite. Hakuna lililowekwa kwa urembo tu. Jengo lote limepangwa lipokee upepo wa magharibi, poniente, unaoleta unyevu wa bahari ya Atlantiki, na lijikinge na levante, upepo wa mashariki ulio mkavu na wa moto.

Mambo huanzia shambani. Nje ya mji udongo ni mweupe kama chokaa, unaitwa albariza. Wakati wa masika ya baridi hunyonya mvua kama sifongo. Kiangazi ukija, uso wake hukauka ukawa gamba gumu na maji yakabaki chini, kwa hiyo mzabibu haufi kwa kiu ijapokuwa hakuna tone la mvua kwa miezi. Zabibu karibu zote ni za aina ya Palomino. Pedro Ximénez na Moscatel hutumika zaidi kwa mvinyo mtamu. Huvunwa kuanzia Agosti hadi mapema Septemba.

Mvinyo ukishachacha na kuongezwa pombe kidogo kufika takriban asilimia 15, hutiwa katika mapipa ya mwaloni wa Marekani yenye ujazo wa lita 600 hivi, lakini hayajazwi hadi juu. Katika nafasi hiyo ya hewa huota utando wa hamira, mweupe na wenye mikunjo, kama malai juu ya maziwa yaliyochemshwa. Wanauita flor, yaani ua. Utando huo huufunika mvinyo usiguswe na hewa, na hapo hapo huula taratibu na kuubadili ladha. Bodega nyingine zina pipa lenye kioo upande mmoja ili uuone. Usilipite.

Kisha kuna solera, na hapa aliyekulia kwenye nyumba ya maziwa ya kibuyu ataelewa upesi kuliko Mzungu yeyote. Kibuyu hakimalizwi, unabakiza kidogo cha zamani ili kikaribishe cha leo. Mapipa hupangwa safu juu ya safu. Mvinyo wa kuuza hutolewa safu ya chini kabisa, inayokaa sakafuni, na hautolewi zaidi ya theluthi moja kwa mara. Pengo hujazwa kutoka safu ya juu yake, nayo hujazwa kutoka ile inayoifuata, na ya juu kabisa hupokea mvinyo mpya. Kwa hiyo chupa ya Jerez kwa kawaida haina mwaka. Ndani yake mna kidogo cha kila mwaka tangu solera ianzishwe, hata kama ilianzishwa na babu wa babu yao.

Ukipata nafasi, mwangalie venenciador akifanya kazi: huchovya kikombe chembamba chenye mpini mrefu unaopindapinda, kiitwacho venencia, hukipitisha kwenye utando bila kuutibua, kisha humimina kutoka juu ya kichwa hadi kwenye bilauri iliyo usawa wa kiuno. Tone halianguki.

Niende bodega ipi?

González Byass, yenye chapa ya Tío Pepe na iliyoanzishwa mwaka 1835, ndiyo kubwa na inayopokea wageni wengi, hata kwa kigari cha kuwazungusha. Humo, sakafuni kati ya mapipa, utaona bilauri ya mvinyo mtamu imeegemezwa kingazi kidogo cha mbao: imewekewa panya wapande wanywe. Watoto hawabanduki hapo. Fundador, nyumba iliyoanzia mwaka 1730, ni ya kale zaidi. Lustau ni nzuri kwa anayetaka kuelewa tofauti za aina. Kama unapenda sanaa, chaguo langu ni Bodegas Tradición, ndogo na tulivu, yenye mkusanyo wa michoro ya mabingwa wa Hispania kama Goya na Zurbarán ndani ya ghala lenyewe. Weka nafasi kabla; nyingi hazipokei mtu anayebisha hodi tu.

Ninaonja, lakini sielewi majina. Nianzie wapi?

Fino ni mkavu, rangi ya nyasi kavu, umelelewa chini ya utando mwanzo hadi mwisho. Hunywewa baridi sana pamoja na zeituni au samaki. Manzanilla ni ndugu yake wa Sanlúcar de Barrameda, wa pwani, mwepesi zaidi. Amontillado ulianza chini ya utando, utando ukafa, hewa ikamalizia kazi. Oloroso haukuwahi kuwa na utando. Ni mzito, rangi ya mbao, na harufu ya jozi. Pedro Ximénez ni mweusi na mtamu kama asali ya tende, kwa sababu zabibu huanikwa juani kabla ya kukamuliwa.

Palo cortado ndio unaobishaniwa. Msimamizi wa ghala huweka alama za chaki kwenye pipa, na pipa lililoanza kama fino kisha likaonyesha njia nyingine hukatwa mstari wake kwa mstari wa pili. Jina linamaanisha hilo tu: mstari uliokatwa. Angalia mapipa meusi unapopita, utaziona alama hizo.

Onja kidogo kidogo. Fino ina asilimia 15, na hiyo si bia.

Chakula cha Jerez ni kipi, na nile wapi?

Kula kwenye tabanco angalau mara mbili. Tabanco ni duka la zamani la mvinyo lililogeuka mahali pa kukutana: kaunta ya mbao, mapipa nyuma yake, picha za waimbaji ukutani, sahani ndogo ndogo. El Pasaje, iliyofunguliwa mwaka 1925, ina flamenco karibu kila siku. Kwenye tabanco kadhaa bado wanaandika deni lako kwa chaki juu ya kaunta, mbele yako, na ukilipa wanalifuta kwa kitambaa. Mara ya kwanza nilidhani wananiandikia namba ya meza.

Chakula cha mashambani cha hapa ni ajo campero: mkate wa jana uliopondwa kwa mkono katika bakuli la mbao pamoja na vitunguu saumu, nyanya, pilipili hoho na mafuta ya zeituni hadi ukawa kama ugali mlaini. Wafanyakazi wa mizabibu walikula wote bakuli moja, na desturi ilikuwa kila mmoja kuchota upande wake na kurudi hatua moja nyuma kumpisha mwenzake. Ni chakula cha bei nafuu na kinashibisha siku nzima. Wakati wa baridi kuna berza, mchuzi mzito wa kunde na mboga za msimu. Kuna figo zilizopikwa kwa mvinyo, riñones al jerez, ambazo zimefika kwenye hoteli za dunia nzima, ila hapa ndiko kwao. Alboronía ni mboga ya bilinganya, boga na nyanya ambayo hata jina lake ni la Kiarabu.

Samaki anatoka karibu. Nenda Mercado de Abastos, soko kuu, kabla ya saa tano asubuhi uone ngisi, dagaa, kamba na papa wadogo vikipangwa juu ya barafu huku wauzaji wakiitana kwa sauti. Papa huyo mdogo hulowekwa kwenye siki, vitunguu saumu na bizari nyembamba kisha hukaangwa: cazón en adobo. Mla nguru wa kukaanga wa Forodhani atajisikia nyumbani. Tortillitas de camarones ni chapati nyembamba za unga na uduvi mdogo, zinazokaangwa hadi kingo ziwe kama kamba za buibui. Zile motomoto, zikipoa si kitu.

Kitamu cha mji ni tocino de cielo. Zamani bodega zilitumia ute wa mayai kuusafisha mvinyo, viini vikabaki kwa maelfu, na inasimuliwa kwamba vilipelekwa kwa watawa, nao wakavipika na sukari. Ni viini, sukari na maji tu. Jina lina neno "mafuta ya nguruwe" ndani yake, lakini nguruwe hamna.

Nawezaje kula halali?

Mjini kuna Wamorocco wengi na mabucha yao yenye neno "halal" mlangoni, ila kwenye mikahawa ya Kihispania utategemea samaki, mayai na mboga. Nguruwe hujificha: katika berza, katika dengu, hata kwenye mboga ya majani iliyokaangiwa vipande vya nyama iliyokaushwa. Mvinyo nao hujificha katika mchuzi. Jifunze maswali mawili: "¿Lleva cerdo?", ina nguruwe? "¿Lleva vino?", ina mvinyo? Spinachi na dengu za garbanzo zenye bizari nyembamba, gazpacho, mayai ya kuviringisha na viazi, samaki wa kukaanga: kwa hivyo utakula vizuri siku tatu bila kurudia. Uliza pia juu ya mafuta ya kukaangia kama jambo hilo linakuhusu.

Saa za kula zitakutesa kwanza. Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane, cha usiku saa tatu kwenda mbele, na kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja maduka mengi yamefungwa. Usipambane nao. Lala.

Flamenco ya kweli nikaione wapi?

Jerez ni mmoja wa miji ambako flamenco ililelewa, na familia za Wagitano (Waroma wa Hispania) wa vitongoji viwili, Santiago na San Miguel, ndizo zilizoibeba. Antonio Chacón alizaliwa hapa mwaka 1869, Manuel Torre mwaka 1878, La Paquera mwaka 1934, Lola Flores mwaka 1923. Mwaka 2010 UNESCO iliitambua flamenco kuwa urithi wa binadamu wote, lakini huku hawakungoja UNESCO.

Mtindo wa mji ni bulería: mwendo wa kasi wa mapigo kumi na mawili ambao mgeni hupotea ndani yake kabla ya kuhesabu sita. Ukitaka kuuelewa, usimtazame mchezaji. Tazama mikono ya wanaopiga makofi. Mmoja hushika pigo, mwenzake huingia katikati ya mapigo, na kati yao panazaliwa mlio ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Msikilizaji wa taarabu ataelewa jambo jingine upesi: watu hawakai kimya. Ubeti ukichoma, mtu huitikia, na mwimbaji hupata nguvu kwa mwitikio huo.

Maonyesho ya watalii yapo na mengine ni mazuri. Lakini ukiweza, tafuta peña, klabu ya wapenzi wa flamenco wa mtaani. Kiingilio mara nyingi hakuna, unanunua kinywaji chako tu, maji yanatosha, na anayeimba huenda ni fundi seremala. Sheria ni moja: mwimbaji akianza, usiongee. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi kuna Festival de Jerez, iliyoanza mwaka 1997, kwenye ukumbi wa Teatro Villamarta na kumbi nyingine. Watu huja kutoka Japani kujifunza kucheza.

Na kuna zambomba. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Krismasi, wakazi hukusanyika uani na mitaani kuuzunguka moto, wakaimba nyimbo za Krismasi kwa mwendo wa bulería, wakisindikizwa na zambomba, chungu kilichofunikwa ngozi na kupenyezwa fimbo inayosuguliwa hadi ingurume. Bibi wa miaka themanini anaingia katikati, anainua upindo wa gauni kidogo, anacheza hatua nne, anarudi kukaa. Sijaona usiku mwingine kama huo Hispania.

Na wale farasi wanaocheza?

Ni wa Real Escuela Andaluza del Arte Ecuestre, chuo kilichoanzishwa mwaka 1973 na Álvaro Domecq Romero. Onyesho kuu kwa kawaida ni Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine unaweza kutazama mazoezi, na mimi ninapenda mazoezi kuliko onyesho. Hakuna muziki. Unasikia pumzi ya farasi na sauti ya chini ya mpandaji akimsemesha. Jumba lililo kwenye bustani ya chuo, Recreo de las Cadenas, lilichorwa na Charles Garnier, yule yule aliyejenga Opera ya Paris.

Farasi hawa wanahusishwa na watawa wa Cartuja, monasteri ya karne ya 15 nje kidogo ya mji, walioitunza damu yao bila kuichanganya. Jumamosi unaweza kutembelea Yeguada de la Cartuja, shamba la kuwazalisha. Vitoto huzaliwa vyeusi au vya kahawia, na wengi huwa weupe wakikua.

Nimechoka na majengo. Maumbile yako wapi?

Karibu kila upande.

Kilomita 10 hivi kutoka mjini kuna Laguna de Medina, ziwa dogo lenye njia ya kutembea na kibanda cha kutazamia ndege. Ghuba ya Cádiz ina mabwawa ya chumvi yenye heroe wakubwa wa waridi, jamaa wa wale wa maziwa ya Bonde la Ufa. Na mwishoni mwa kiangazi hutokea jambo ambalo Mwafrika hapaswi kulikosa: korongo, mwewe na keremkerem hukusanyika kusini mwa mkoa, wakingoja levante itulie, kisha huvuka mlango wa Gibraltar kuja kwetu. Kutoka Tarifa ni kilomita 14 tu hadi Afrika. Milima ya Morocco unaiona kwa macho.

Sanlúcar de Barrameda, kilomita 25 hivi, ni pale mto Guadalquivir unapoingia baharini. Magellan aliondoka hapo Septemba 1519. Ng'ambo ya mto ni Doñana, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1969, kwenye matope na michanga yenye simbamangu wa Iberia na maelfu ya ndege wa majini; boti huondoka Bajo de Guía, mtaa wa mikahawa ya kamba. Mwezi Agosti maji yakipwa hufanyika mbio za farasi ufukweni, desturi ya tangu mwaka 1845, na ratiba yake hufuata maji, kama ngalawa za kwetu.

Upande wa mashariki kuna Sierra de Grazalema, milima ya chokaa ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya hifadhi za uhai mwaka 1977. Mawingu ya Atlantiki hugonga hapo kwanza, na ndiyo maana kijiji cha Grazalema kiko kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania. Huko huota pinsapo, mti wa jamii ya misonobari uliobaki tangu zama za barafu. Njia ya kuupitia msitu wake inahitaji kibali, na kiangazi hufungwa au hubanwa kwa kuhofia moto, basi omba mapema. Tumbusi huzunguka juu yako siku nzima. Kama una baiskeli, Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 za njia ya reli ambayo haikuwahi kupitisha treni, hupita mahandaki kutoka Puerto Serrano hadi Olvera. Mabasi ya milimani ni machache. Kodi gari kwa siku mbili.

Kusini zaidi kuna Los Alcornocales, msitu wa mialoni inayotoa vizibo vya chupa. Gome huvuliwa mara moja kila miaka tisa hivi, na mti uliotoka kuvuliwa una shina jekundu kama nyama.

Niende lini?

Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Mei kuna Feria del Caballo, sikukuu ya farasi kwenye bustani ya González Hontoria, na tofauti na Sevilla, mabanda mengi yako wazi kwa kila mtu. Septemba husherehekewa mavuno, na zabibu hukanyagwa kwa miguu mbele ya kanisa kuu. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 kwa urahisi. Angalia pia tarehe ya mashindano ya pikipiki ya MotoGP, kawaida mwishoni mwa Aprili au Mei: mji hufurika na bei za vyumba hupaa.

Nafikaje, na viza je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen. Wa Falme za Kiarabu hahitaji kwa safari fupi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje mwezi wa mwisho. Nimeona mtu akikosa harusi ya ndugu yake kwa sababu hiyo.

Wengi hutua Madrid kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, kisha hupanda treni, kama saa 4 hadi Jerez. Kutoka Sevilla ni saa moja na kidogo, kutoka Cádiz dakika 40 hivi. Uwanja wa ndege wa Jerez upo na una kituo chake cha treni. Ukishuka mjini, usitoke stesheni haraka: tazama vigae vyake.

Siku ngapi zinatosha?

Nne: mbili za mji, moja ya Sanlúcar, moja ya milima. Kama una sita, kaa sita.

Nitapokelewaje nikiwa Mwafrika?

Kwa kawaida vizuri. Salimia unapoingia dukani, "buenas", na mambo hulainika, kama kwetu. Polisi wana haki ya kuomba kitambulisho, hivyo tembea na pasipoti au nakala yake. Kiingereza si wengi wanaokijua nje ya bodega na hoteli.

Nibebe nini kurudi nyumbani?

Vinagre de Jerez, siki iliyolelewa katika mapipa kwa mtindo ule ule wa solera, ya rangi ya kahawia iliyokolea. Kijiko kimoja kwenye kachumbari kinatosha. Ifunge kwa nguo mbili na uiweke kwenye begi la mizigo, usiibebe mkononi, maana uwanja wa ndege wataichukua.